Miezi Mitatu ya Kukaa Ndani

Ukurasa huu nimeuandika mara nne. Mara ya kwanza wino ulidondoka, mara ya pili mistari ilipanda mlima, mara ya tatu sikumbuki kosa lilikuwa nini ila nililiona, nikauchana. Ndivyo nilivyo. Nilijifunza kusoma peke yangu, kwa kuchungulia kitabu cha kaka yangu alipokuwa amekwenda kuchunga, na tangu hapo nina hofu kwamba siku moja atatokea mwalimu wa kweli aniambie, wewe, nani alikuruhusu?

Kwa hiyo nitaandika upesi, kabla sijaanza kusahihisha.

Nina ugonjwa ambao huamka kabla yangu. Nikifumbua macho alfajiri nao tayari uko kazini, chini ya mgongo na kwenye nyonga, umenikaza kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juani. Kugeuka ubavu ni safari. Kukaa kitako ni safari nyingine. Lakini nikishasimama, nikatembea, nikashika kazi, unalegea kidogo kidogo, na jua likipita juu ya migomba mimi ni mtu kama watu wengine, nacheka na kubeba mzigo. Nikikaa tena kwa muda mrefu unarudi. Siku nyingine huja na uchovu usiotokana na kazi yoyote, naamka nao kama mtu aliyelima usiku kucha. Na mara mojamoja jicho langu moja huwa jekundu, mwanga ukiligusa linawasha kama limetiwa pilipili.

Nikiandika hivi inaonekana rahisi kuelewa. Wakati ule hakuna aliyeelewa, na mimi mwenyewe nilikuwa wa mwisho.

Ulinianza kwetu, upande wa Momela, nikiwa na umri wa miaka kama kumi na sita. Mama aliniona nimeshika ukuta asubuhi akasema, "Umelala vibaya." Kesho yake akasema hivyo hivyo. Baada ya mwezi mmoja wa kulala vibaya niliamini kwamba kuna namna sahihi ya kulala ambayo wenzangu wanaijua na mimi siijui. Nikaanza kuitafuta. Nililala chali, nikalala kifudifudi, nikalala nimekunja miguu, kila asubuhi nikijipima na kujipa lawama.

Kisha nikagundua dawa bila kujua kuwa ni dawa. Kwetu maji ya karibu yana magadi, ya kunywa tuliyafuata mbali, kwenye kijito kinachoteremka kutoka mlimani. Sikutaka wadogo zangu wanione ninavyoinuka, basi nikawa natoka wa kwanza, bado giza, nimebeba debe langu tupu. Mwanzo wa njia nilitembea kama bibi kizee. Nilipofika kijitoni nilikuwa nimenyooka. Niliporudi na debe kichwani, majirani ndio kwanza wanafungua milango, na wakasema, "Tazameni binti huyu, anaamka kabla ya jogoo!"

Nilikubali sifa hiyo. Nakiri kwamba niliipenda sana. Sikumwambia mtu kwamba sikuamka mapema kwa sababu ya bidii, bali kwa sababu kitanda kilikuwa kinaniuma.

Sifa ile ilisafiri. Ilizunguka mlima ikafika juu ya Kimandolu, kwa mama mmoja mjane, mkulima wa kahawa na ndizi, kiongozi wa akina mama kanisani, aliyekuwa anamtafutia mke mwanawe seremala. "Nataka yule anayeamka mapema," alisema. Basi nikaolewa kwa ajili ya ugonjwa wangu, ingawa wao walidhani wameoa bidii yangu.

Tulifunga ndoa kanisani, kwa gauni jeupe la kuazima. Lakini nyumbani kwa mama mkwe, baada ya kanisa, mambo ya zamani yalishika nafasi yake. Bibi harusi wa kwao hukaa ndani miezi mitatu. Hashiki jembe, hashiki jiko, hachoti maji, hafagii hata chumba chake. Analishwa mtori, loshoro ya mahindi na maziwa mgando, maziwa na siagi, anapakwa mafuta, anapumzika mpaka shingo ifanye mikunjo. Mwisho wa miezi mitatu anatolewa: wanawake wa ukoo wanamvisha kitambaa kipya na kumtembeza taratibu hadi sokoni, watu wote wakimtazama anavyokwenda. Akitembea vizuri, nyumba imesifiwa. Tangu siku hiyo ni wa ukoo. Kabla ya hapo, kama ana kasoro, bado anaweza kurudishwa kwao.

Rafiki zangu walinionea wivu. Mfereji wa maji ulipita nyuma ya jiko, hatua ishirini tu. "Hutabeba debe tena maishani," waliniambia. Na mimi, mpumbavu mwenye kupenda kusifiwa, nikaamua kwamba kama kazi yangu sasa ni kukaa, basi nitakaa kuliko bibi harusi yeyote aliyewahi kukaa mlima mzima wa Meru.

Nilikaa vizuri kweli. Kijiko kikianguka sikukiokota, nilimngoja wifi yangu. Huyu wifi, mdogo wa mwisho wa mume wangu, ndiye aliyewekwa kunihudumia, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Wifi, leo umekula bakuli mbili. Ya tatu hii hapa."

"Nimeshiba, wifi."

"Nani kakuuliza kama umeshiba? Kula. Mimi nikiolewa nitataka watu wanilishe hivi hivi, na wewe ndiye utakayekuja kunibebea maji."

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Wiki ya tatu sikuweza kuvaa mwenyewe. Nililala usiku, nikalala mchana, na kila nilipolala zaidi ndivyo mgongo ulivyozidi kufunga. Asubuhi moja wifi alinikuta nimekwama nusu, kiwiliwili kimeinuka, miguu imekataa. Alisimama mlangoni na bakuli la uji.

"Wifi, unaomba au umekwama?"

"Naomba," nikasema.

"Haya, ukifika amina niite."

Nilicheka, na kile kicheko kilipita mbavuni kama kisu. Aliponiona nimeuma mdomo aliweka bakuli chini akanishika makwapa, akaninyanyua taratibu, na kwa mara ya kwanza hakusema neno la utani. Nilimwomba asimwambie mama. Aliapa. Aliapa kwa uso wa mtu ambaye hawezi kutunza siri hata ya sufuria iliyoungua.

Kisha jicho likawa jekundu. Mama mkwe alikuja kunitazama, akasimama mbele yangu. Alikuwa mwanamke mrefu, asiyesema mengi, na mimi nilimwogopa kama nilivyomwogopa yule mwalimu wa kweli.

"Unalia," alisema.

"Hapana, mama."

"Unakumbuka kwenu. Si kitu, mwanangu. Mletee maziwa," akamwambia wifi.

Ndivyo ilivyokuwa: kila dalili niliyoonyesha ilijibiwa kwa chakula. Jicho jekundu, maziwa. Uchovu, siagi. Nikishindwa kuinuka, mtori wenye nyama zaidi. Walinipenda, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Laiti wangekuwa wabaya ningejua la kufanya.

Mume wangu alikuwa anashuka mjini kila siku kwenye karakana ya seremala na kurudi jioni na vumbi la mbao nyusini. Alikuwa mpole, na hali yangu ilimtisha. Jumamosi moja alikuja na rafiki yake, dresa wa hospitali, mtu safi mwenye kaptula ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi. Dresa alinibonyeza mgongo, akaniuliza kama nina homa, akafikiri.

"Ni baridi yabisi," alisema. "Atumie vidonge hivi, na apumzike."

"Anapumzika tangu arusi," mume wangu akasema.

"Basi apumzike zaidi."

Simlaumu. Hakuuliza maumivu yanakuja saa ngapi, na mimi sikujua kwamba saa ina maana. Vidonge vilisaidia kidogo, kupumzika zaidi kukanimaliza. Mama mkwe aliniwekea godoro la pili la majani makavu ya migomba, laini kabisa, na asubuhi iliyofuata nilishindwa kukaa.

Ukiwa umebaki mwezi mmoja, alikuja shangazi wa mume wangu, dada mkubwa wa marehemu baba mkwe. Nilimwamkia shikamoo kutoka kitandani kwa sababu sikuweza kuinuka, na nikaona macho yake yanapima. Alikwenda kukaa na mama mkwe jikoni. Ukuta ulikuwa wa mbao zilizoachana, kila neno likapita.

"Mke wa kaka, mmeletewa mgonjwa."

"Amechoka tu."

"Amechoka na nini? Hata kikombe haoshi! Huyo ndiye aliyekuwa anaamka kabla ya jogoo? Wamekuuzia jina. Mrudishe kwao kabla hajatolewa. Akishatembezwa sokoni amepinda hivyo, watu watasema wewe ndiwe umemvunja."

Nilisikia mama mkwe anachochea moto.

"Siku bado," alisema mwishowe. "Tutamwona akisimama."

Nililala nikitazama bati. Kurudishwa si neno dogo. Nilimwona mama yangu akinipokea mlangoni, nilisikia wale wale waliosema kabla ya jogoo wakitafuta jambo jipya la kusema. Na la aibu kuliko yote, nalikiri hapa: nilichoogopa zaidi si kumkosa mume wangu. Niliogopa kuonekana nimeshindwa jambo ambalo kila msichana mlimani amefaulu, yaani kukaa.

Jumapili iliyofuata wote walikwenda kanisani. Kahawa ya msimu ule ilikuwa imemenywa na kuoshwa, imeanikwa juu ya vichanja mbele ya nyumba, vichanja sita vilivyotandikwa mikeka. Ilikuwa imebaki siku mbili tu ikauke. Wifi aliniachia chungu cha maziwa kando ya kitanda, akaondoka anaimba.

Wakati wa mahubiri, nadhani, nilisikia upepo umebadilika. Kisha tone moja kwenye bati. Kisha matone matatu.

Mtu aliyekaa kwenye nyumba ya kahawa anajua. Kahawa ikilowa inapokaribia kukauka inachacha, inanuka, na kwenye chama cha ushirika wataikataa yote. Ule ulikuwa mwaka mzima wa mama mkwe uliolala pale nje. Niliita. Hakuna aliyejibu ila ng'ombe.

Nilijiangusha kutoka kitandani. Sisemi nilishuka, nilijiangusha, nikaenda kwa magoti hadi mlangoni, nikashika fremu nikajivuta. Mkeka wa kichanja cha kwanza niliukunja huku nikilia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kunisikia. Niliuburuta hadi barazani. Cha pili hivyo hivyo. Kwenye cha tatu nililia kidogo. Kwenye cha nne mvua ilikuwa imeshika, nikaona nakimbia. Nasema kweli, nilikuwa nakimbia miguu mitupu kwenye matope, mkeka begani, gauni la kukaa ndani limenigandama, na sikuwa nimeshangaa bado, sikuwa na nafasi ya kushangaa. Cha tano, cha sita. Nilirudi kuokota punje zilizomwagika, moja moja, nimeinama, kwa sababu siwezi kuona kitu kimemwagika nikakiacha.

Hivyo ndivyo mama mkwe alivyonikuta. Alikuwa amekimbia kutoka kanisani, kitambaa cha kichwa mkononi, viatu mkono wa pili. Nyuma yake wifi, mdomo wazi.

Niliona mambo mawili pamoja. Kwanza, kwamba nimefanya kosa kubwa: bibi harusi nje, mchana, amelowa, anafanya kazi. Jirani akiona atasema nyumba ile imekosa mikono hadi inamtumikisha mtu wa ndani. Pili, kwamba nimeinama na haiumi.

"Umetoka," mama mkwe alisema.

"Nimetoka, mama. Nisamehe."

Alitazama barazani, mikeka sita imekunjwa. Kisha akanitazama mimi.

"Okota ile." Alionyesha punje moja karibu na mguu wake.

Niliinama nikaiokota.

"Na ile kule."

Nikaiokota.

"Ingia ndani upate nguo kavu," alisema. "Halafu utaniambia."

Nilimwambia yote. Nilikaa kwenye kigoda jikoni, blanketi mabegani, maneno yakatoka kama mfereji uliofunguliwa: kulala vibaya, debe tupu, giza, bibi kizee hadi kijitoni. Nilimwambia hata lile la jogoo, kwamba sifa iliyomfanya anichague haikuwa yangu. Nilidhani hapo ndipo ataniambia nifunge mzigo.

"Ngoja," alisema. "Ukilala unaumia."

"Ndiyo, mama."

"Ukifanya kazi unapona."

"Siponi. Lakini unalegea. Kila siku, mama. Sikujua. Nimejua leo, kwenye mkeka wa nne."

Alifunika uso kwa viganja vyake. Mabega yakaanza kutikisika, nikafikiri nimemliza. Kumbe anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka.

"Miezi miwili," alisema, "miezi miwili tumekuwa tunakuua kwa maziwa!"

Wifi aliangua kicheko hadi akashika nguzo. "Na mimi ndiye niliyekuwa naleta! Mnipeleke kwa DC nikafungwe!"

Nami nikacheka, nikalia, sikujua ni kipi kati ya hivyo viwili. Kwa miaka minne nilikuwa nimebeba kitu kile peke yangu, na sasa kilikuwa jikoni kwa mama mkwe, kinachekwa.

Mila haikuvunjwa. Mama mkwe hakuwa mtu wa kuvunja. Aliizungusha. Kuanzia kesho yake aligonga ukuta wangu kabla ya kupambazuka, mara mbili, nami nikatoka kwa mlango wa nyuma, tukatembea kati ya migomba kando ya mfereji, yeye mbele na mimi nyuma, nikiwa nimepinda kama ndoano. Mizunguko ya kwanza hatukuzungumza. Alijua sasa kwamba saa ile siyo ya maneno. Mchana nilipewa kazi ya kukatakata magogo ya migomba kuwa chakula cha ng'ombe, ndani ya zizi, mlango umefungwa. Wifi alikaa nje anachambua maharage. Mgeni akitokea, aliimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya juu na mbaya kabisa, nami nikakimbia kitandani nikajifunika.

Siku moja shangazi alikuja bila kutazamiwa. Wimbo ulianza, nikakimbia, nikajitupa kitandani na panga mkononi. Nililisukuma chini ya blanketi ndipo akaingia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Alinichungulia. "Mbona unahema?"

"Anaota ndoto za kukimbia," wifi akasema nyuma yake. "Bibi harusi wote huota hivyo wakishiba."

Shangazi aligeuka akaanza kuchunguza blanketi langu. Unyuzi wa mgomba ulikuwa umenata kwenye nywele zangu, niliuona baadaye kwenye kioo. Sijui kama aliuona. Alisema tu, "Siku yake ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nitakuwepo," akaenda zake.

Usiwaze kwamba tangu hapo ilikuwa nyepesi. Siku tatu kabla ya kutolewa mvua ilinyesha, baridi ikashuka kutoka mlimani, nikaamka vibaya kuliko siku zote. Nilitembea mfereji mzima na sikulegea. Nilianza kujilaumu kwa sauti: pengine nimekatakata vibaya, pengine nimetembea vibaya, pengine kuna namna sahihi...

Mama mkwe alisimama. "Nyamaza," alisema, bila ukali. "Kahawa nayo kuna mwaka inakataa. Unailima vile vile. Humwiti mtu mwizi kwa hilo."

Sijui kwa nini maneno hayo yalinifaa. Labda kwa sababu yalikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia kwamba jambo linaweza kwenda vibaya na nisiwe mimi niliyelikosea.

Alhamisi ile aligonga ukuta mapema kuliko kawaida. Tulitembea muda mrefu hata umande ukanilowanisha hadi magotini, tukarudi, tukazunguka tena. Wifi alitutangulia na taa ya chemli, anapiga miayo na kulalamika kwamba yeye hakuolewa na mtu. Kulipokucha wifi alinikanda mgongo kwa siagi ile ile niliyokuwa nalishwa. Wanawake walipokuja na vifijo, nilikuwa nimesimama mlangoni.

Nilitembea hadi sokoni. Sikutembea kwa uzuri kama nilivyokuwa nimeota, hatua zangu zilikuwa fupi, na kwenye mteremko wa kwanza nyonga ya kushoto iliniuma hadi nikaona nyota. Lakini bibi harusi anatakiwa aende polepole, kwa hiyo polepole yangu ilihesabiwa kuwa adabu. Shangazi alitembea kando yangu njia nzima, ananitazama kiunoni. Tulipofika penye wauza ndizi alimgeukia mama mkwe.

"Mke wa kaka, naona maziwa yamemkubali."

"Ndiyo," mama mkwe alisema, uso umetulia kabisa. "Ni maziwa."

Nyuma yangu wifi alianza kukohoa, akakohoa hadi mtu akamletea maji.

Sasa nina mtoto mmoja, na ugonjwa bado ninao. Vidonge ninavyo kopo zima juu ya kabati, navitumia zikija siku mbaya. Dresa tulimweleza, akaandika kwenye daftari lake, akasema hajawahi kusikia baridi yabisi inayochukia kitanda. Mume wangu ametengeneza kitanda kipya cha mbao ngumu, bila godoro la majani, na kando yake ameweka ubao wa kushikia ninapoinuka. Ameupiga randa vizuri sana, nimeutafutia kosa sijaliona.

Na mama mkwe bado anagonga ukuta. Watu wanaotuona wawili alfajiri kando ya mfereji wanasema, nyumba ile wana bidii, mkwe na mkaza mwana wote wanaamka kabla ya jogoo. Zamani ningeichukua sifa hiyo nikainyamazia. Juzi mmoja wao aliniambia usoni, nikamjibu, "Siyo bidii, mama. Ni mgongo."

Alitua mzigo wake chini. Kisha akauliza unauma saa ngapi, kwa sababu binti yake naye huamka ameshika ukuta.